Kinachotuvuta Mitandaoni: Maoni ya Aliyechelewa Kuingia

Wanaoitetea mitandao ya kijamii na wanaoilaani hapa Nairobi wanakubaliana juu ya jambo moja, kwamba watu wameingia huko kutafuta burudani. Mtetezi atakwambia watu wana dhiki, waache wacheke. Mlalamishi atakwambia watu wamelewa video na kazi zimelala. Mimi niliyeingia nikiburutwa, umri wa kukimbilia vitu vipya ukiwa umenipita, naona wote wawili wameanzia hesabu mahali pasipo pake. Si burudani iliyonitenganisha na simu yangu ndogo ya tochi, ile ya mulika mwizi. Ni misiba.

Zamani tangazo la kifo lilikuwa na njia zake. Redio ya taifa ilisoma majina kwa sauti ileile ya utulivu. Magazeti yalikuwa na kurasa za marehemu, picha baada ya picha. Aliyetaka kuwafikia watu wa kwao waliotapakaa jijini alimtuma kijana azunguke Kariobangi, Kibera na Gikomba akiuliza. Njia hizo hazijafungwa, ila hakuna anayezitegemea. Siku hizi mtu akifariki saa kumi alfajiri, saa mbili asubuhi kikundi cha WhatsApp kimeshafunguliwa, kina picha yake, kina mwenyekiti na mweka hazina. Asiyekuwemo atasikia baada ya mazishi, na lawama itakuwa juu yake, maana hakuna atakayekubali kwamba hakujua. Ukiwa mtu mzima, lawama za misiba huwezi kuzibeba nyingi. Nikakubali kununuliwa simu.

Nilikuwa na sababu ya kuitazama mitandao hiyo kwa jicho la fundi. Nimefanya kazi miaka mingi katika vyumba vya uchapishaji vya River Road, vile vya ghorofani ambako ngazi ina giza hata saa sita mchana na harufu ya wino hukupokea kabla ya mtu. Tulichapa vitabu vya risiti, kadi za harusi, programu za mazishi, na zaidi ya vyote kadi za harambee. Wasiozikumbuka niwaeleze. Ni karatasi ngumu iliyokunjwa katikati. Nje kuna shughuli yenyewe, tarehe, mahali na jina la mgeni wa heshima. Ndani kuna jedwali: nambari, jina, kiasi, sahihi. Mistari ishirini, pengine thelathini kama mteja ana haraka ya kutajirika. Mtu alipewa kadi akazunguka nayo ofisini, kanisani na kwa majirani, na mistari ikijaa au siku ikifika aliirudisha pamoja na fedha.

Kadi hiyo ilikuwa na nguvu isiyoandikwa popote. Aliyekabidhiwa hakusoma kwanza ni shughuli gani. Macho yalikwenda moja kwa moja ndani, kuona waliotangulia wametoa ngapi. Ndiyo maana wajanja walihakikisha mstari wa kwanza umejazwa na mtu mwenye mfuko mzito. Chini ya mstari wa elfu mbili, nani ataandika hamsini? Wengine walijaza mstari huo wenyewe kwa jina la mjomba asiyekuwepo.

Sasa tazama orodha ya mchango kwenye kikundi. Juu kuna emoji za mishumaa na mikono iliyofumbatana, jina la marehemu, kisha bajeti: bili ya hospitali, mochari, jeneza, gari la maiti, basi la waombolezaji, chakula. Chini yake nambari na majina. Kila anapotuma mtu kwa M-Pesa, mweka hazina ananakili orodha nzima, anaongeza mstari mmoja, anaibandika upya. Kwa hiyo orodha ileile hupita mbele ya macho yako asubuhi, mchana na usiku, kila mara ikiwa imerefuka kidogo, na kila mara jina lako halimo. Baadhi ya majina yana neno "ahadi" kwenye mabano. Mwisho kuna sentensi moja ambayo nadhani inaandikwa na mtu mmoja nchini kote: "Ndugu zangu, bado tuko mbali, na muda umetuacha."

Kadi ya harambee haikujua nani ameisoma akanyamaza. WhatsApp inajua. Tangu 2014 alama mbili za buluu zinamwambia aliyetuma kwamba ujumbe umesomwa, na ndani ya kikundi anaweza kubonyeza akaona majina ya waliousoma. Mweka hazina akitaka, anayo orodha ya pili isiyobandikwa popote: ya walioona wakapita.

Hapa ndipo ninapoona mvuto wenyewe ulipo. Hamu ya kuhesabiwa miongoni mwa watu wako, na hofu ya kukosekana hesabuni, ni ya zamani. Kampuni za Marekani hazikutuletea. Tulikuwa tukiichapa River Road kwa rangi mbili. Ilichofanya mitandao ni kuondoa kingo. Kadi ilikuwa na mstari wa mwisho, ilikuwa na siku ya kurudishwa, na ilikufikia tu kama aliyeibeba alikupata. Ungemwona anakuja kwa mbali ungeweza kuvuka barabara. Kikundi kina nafasi ya watu 1,024, hakilali, na kipo mfukoni mwako.

Nairobi ilikuwa tayari kwa kitu kama hiki. Mji ulioanza 1899 kama kambi ya wajenzi wa reli ulihesabiwa watu karibu milioni 4.4 katika sensa ya 2019, na bado ukimuuliza mtu "kwenu ni wapi?" wengi wetu hutaja kaunti nyingine. Tunaishi hapa, tunazikwa kule. Kati ya hapa na kule kuna kilomita nyingi na gharama kubwa, na bila kamati mwili hausafiri. Mtu wa Nairobi hahitaji kufundishwa umuhimu wa kuwa na watu. Anajua siku moja atahitaji basi.

Basi je, orodha hii ya kikundi ni bora kuliko kadi, au ni mbaya zaidi? Ni vigumu kuikataa. Kadi zilipotea. Kadi nyingine zilirudi na fedha pungufu, na sisi wachapishaji tulijua vijana waliokuja kuomba "nakala chache za ziada" za kadi ya shughuli isiyokuwa yao. Kamati zilikutana kila jioni katika hoteli za mjini, watu wakinywa chai ya mfiwa hadi saa tatu usiku, na fedha zilizoingia mkononi mwa mweka hazina zilikuwa siri yake na Mungu. Leo senti inayoingia inaonekana na wote. Binamu aliye Doha na shangazi aliye Minnesota wanachanga usiku uleule. Mochari hutoza kwa siku, kwa hiyo haraka hiyo ni fedha inayobaki kwa mjane.

Lakini upande wa pili una uzito wake. Aliyetoa mia mbili amewekwa hadharani kati ya aliyetoa elfu tano na aliyetoa elfu kumi, na atabaki hapo, atanakiliwa mara nyingi kama orodha inavyonakiliwa. Nawajua watu wanaotuma mchango wao moja kwa moja kwa mfiwa, wakiomba jina lisitajwe. Si kwa unyenyekevu. Wanaona haya. Wapo pia wanaokopa kwenye programu za mikopo ya simu ili jina lao lisikose, na hilo ni jambo la kusikitisha kuliko video zote za kipuuzi zinazotukasirisha. Isitoshe, mtu mmoja yumo katika kikundi cha ukoo, cha watu wa kijijini wanaoishi Nairobi, cha kanisa, cha chama, cha waliosoma pamoja, na kila kikundi kina wagonjwa na wafu wake. Mshahara ni mmoja.

Nikipima, naegemea upande wa orodha. Aibu ya mia mbili ni mbaya, ila wizi wa mchango wa maiti ulikuwa mbaya zaidi, na aibu ina dawa rahisi: vikundi vichache vimeanza kuandika majina bila viwango. Inashangaza jinsi fedha zinavyoendelea kuingia.

Niwageukie kidogo wenzangu wanaojigamba kwamba hawako mtandaoni kabisa. Wengi ni wanaume wa rika langu, na ukichunguza, kila mmoja ana mke, binti au mpwa aliye katika vikundi vyote kwa niaba yake. Ratiba ya maji ya mtaani inasomwa na mke. Taarifa ya mkutano wa wazazi shuleni inasomwa na mke. Mchango unatumwa na binti, kwa jina la baba. Kisha mzee anakaa kwenye kiti chake na kusema mitandao ni kazi ya watu wasio na shughuli. Huko si kujitoa. Ni kuhamisha kazi kwa mtu mwingine ndani ya nyumba na kubaki na sifa. Kama kuna hoja ya kukaa nje, na naamini ipo, ianze kwa mtu kukubali kukosa taarifa yeye mwenyewe.

Maelezo ya kitaalamu juu ya mvuto huu huzungumzia zaidi jinsi mashine ilivyoundwa. Sina ugomvi nayo. Facebook ilianza 2004, na kitufe cha kupenda kikaja 2009. Ukurasa usioisha, ule unaoteleza chini bila kukuuliza kama umetosheka, ulibuniwa 2006 na Aza Raskin, ambaye baadaye alisema hadharani kwamba anajutia ulivyotumika. Kampuni hizi huuza matangazo, na matangazo huuzwa kwa muda wa macho yako. Yote ni kweli, na ukipanda matatu ya jioni kuelekea mtaa wa Umoja utaona vidole vinavyosukuma skrini juu bila mwenyewe kusoma chochote. Lakini maelezo hayo yanamfaa zaidi aliyekulia ndani. Sisi tuliochelewa, mara nyingi tunaweka simu chini bila shida. Kinachotushinda ni kuondoka kikundini, kwa sababu mtandao unatangaza kwa wote kwamba fulani ametoka, au siku hizi angalau unamwambia admini. Jaribu kutoka kikundi cha ukoo katikati ya msiba uone simu utakazopigiwa.

Kuna raha pia, nisiifiche. Kumpata mtu mliyesoma naye darasa la saba, ambaye ulidhani alishafariki, akiwa Mumias na wajukuu na meno machache, ni jambo lisilo na bei. Bila mitandao tungekutana mbinguni kama wote tungefika.

Kuhusu biashara sina mengi. Mama anayeuza mitumba alikuwa akisubiri mteja afike Gikomba. Leo anaingia laivu TikTok saa nne usiku akiinua gauni moja moja mbele ya kamera, na asubuhi mzigo unaondoka na bodaboda. Hilo ni jema moja kwa moja. Ninachoomba ni wafanyabiashara waandike bei hadharani, waache kutuita inboksi kana kwamba tunanunua bunduki.

Penye mjadala mzito ni mambo ya umma. Hapa Nairobi ina ushahidi kuliko miji mingi. Mwaka 2015, CNN ilipoiita nchi yetu kitovu cha ugaidi siku chache kabla ya ziara ya Barack Obama, Wakenya waliivamia kwa hashtegi hadi mmoja wa wakuu wake akapanda ndege kuja kuomba radhi. Ilikuwa furaha, lakini ilikuwa suala la heshima tu. Mwaka 2024 lilikuwa suala la mkate.

Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza, miongoni mwa mengine, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, na ushuru mzito kwa mafuta ya kupikia. Kwa kawaida mswada wa aina hiyo husomwa na wahasibu na mawakili. Safari hii vijana waliusoma kifungu kwa kifungu, wakakesha wakiujadili kwa sauti kwenye X, Twitter ya zamani, wakaueleza TikTok kwa Kiswahili, kwa sheng na kwa lugha za mama zao. Nilimsikia msichana anayelingana na mjukuu wangu akieleza maana ya ushuru kwa dakika tatu kwa ufasaha ambao sijawahi kuupata kwa mbunge. Tarehe 25 Juni wabunge waliupitisha kwa kura 195 dhidi ya 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, risasi zikapigwa. Kesho yake Rais Ruto akatangaza hatautia sahihi. Kufikia 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39.

Mtu akiniambia mitandao haina faida ya kiraia, nitamwonyesha Juni hiyo. Akaniambia ni baraka tupu, nitamwonyesha Juni hiyohiyo. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa ili wananchi "wawasalimie", na zikasalimiwa kwa maelfu ya ujumbe mchana na usiku. Nilicheka kama wengine. Hata hivyo, chombo kinachoanika simu ya mbunge leo kitaanika ya jirani yangu kesho, na jirani hana walinzi. Kisha ikaja michango ya matibabu na mazishi: mwanahabari Hanifa Adan aliongoza mchango wa mtandaoni uliokusanya mamilioni ya shilingi kwa ajili ya waliojeruhiwa na familia za waliouawa. Waliotoa hawakujuana. Hapakuwa na mgeni wa heshima wala mjomba wa mstari wa kwanza. Mimi niliyechapa kadi za harambee nusu ya maisha yangu sikuwahi kuona watu wakichanga hivyo, kwa mtu wasiye wa kwao, bila kusubiri jina lao lisomwe. Hilo linanisumbua kidogo, kwa sababu linakwenda kinyume na nadharia yangu ya kwamba sote tuko huko ili tuhesabiwe.

Na serikali nayo inasoma. Waliokuwa wakionekana sana mtandaoni ndio walioanza kuchukuliwa na magari yasiyo na nambari. Kufikia mwisho wa 2024 tume hiyohiyo ilikuwa imeorodhesha zaidi ya visa 80 vya watu kutekwa au kutoweka tangu Juni. Mwaka 2025 Albert Ojwang', mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya chapisho kuhusu afisa mkuu wa polisi, akaletwa Nairobi, akafa akiwa mikononi mwa polisi katika kituo cha Central. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018 ilipopitishwa iliweka kifungo cha hadi miaka 10 kwa kuchapisha habari za uongo zinazozua taharuki. Sisi wazee tuliokulia enzi ambazo watu walinong'ona hata ndani ya nyumba zao tunaelewa kitu ambacho vijana wanajifunza kwa uchungu: kuonekana na wenzako na kuonekana na dola ni mlango mmoja. Sisemi wanyamaze. Nasema anayewaambia "pazeni sauti" akiwa mahali salama awaambie pia kwamba simu haisahau.

Kuna gharama nyingine ambayo wapinzani wa mitandao hawaitaji, nayo iko umbali wa nauli ya matatu kutoka katikati ya jiji. Kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa 2023, machapisho ya Facebook kutoka nchi kadhaa za Afrika yalichujwa hapa Nairobi, na vijana walioajiriwa na kampuni ya Sama kwa niaba ya Meta, mmiliki wa Facebook. Kazi ilikuwa kutazama tuliyoepushwa nayo: watu wakichinjwa, watoto wakidhulumiwa, watu wakijiua mbele ya kamera. Uchunguzi wa jarida la Time, Februari 2022, ulionyesha kwamba baadhi yao walilipwa dola 1.50 tu kwa saa. Mei mwaka huo Daniel Motaung, kijana wa Afrika Kusini aliyefanya kazi hiyo hapa, alizishtaki Meta na Sama katika mahakama ya Nairobi, na mwaka uliofuata wenzake zaidi ya 180 wakafungua kesi yao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa Kenya. Mwishoni mwa mwaka huo ripoti ya daktari iliyowasilishwa katika kesi hiyo ilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa na msongo wa akili unaotokana na kiwewe, aina ile inayowapata askari waliotoka vitani.

Kwangu hii ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya mitandao, na ni ajabu jinsi inavyokosa wasemaji. Agosti 2023 kulikuwa na ombi Bungeni la kutaka TikTok ipigwe marufuku kwa sababu ya maadili, na nchi nzima ikabishana kuhusu wasichana wanaocheza wakiwa nusu uchi. Wakati huohuo kesi ya vijana waliougua kwa kuyatazama maovu yetu ilikuwa ikiendelea katika mahakama ya Milimani, na wachache walifuatilia. Ukurasa safi unaofunguka kwenye simu yangu asubuhi umesafishwa na mtu. Kama alikaa katika ofisi ya Mombasa Road hapa Nairobi na kulipwa kwa saa pungufu ya bei ya chakula chake cha mchana, burudani hiyo si ya bure kama inavyodaiwa.

Bado sijagusa uongo. Kila mtu huwalaumu vijana, lakini mimi ninayeshinda katika vikundi vya wazee najua nani anayesambaza. Ni sisi. Dawa ya kisukari ya majani ya mpera, ujumbe wa sauti wa "daktari wa Hospitali ya Kenyatta" asiye na jina, barua ya serikali iliyoandikwa kwa makosa ya tahajia ambayo mimi mchapishaji nayaona kwa mbali: vyote vinatoka kwa watu wenye mvi. Sababu haihusiani na akili. Tulizoea kwamba neno likichapwa limepita mikononi mwa mhariri, na likisomwa redioni kuna mtu atafutwa kazi likiwa la uongo. Tuliingia mtandaoni na imani hiyohiyo. Vijana huona ujumbe wakashuku kwanza. Sisi tunaamini kwanza, halafu tunawatumia watoto. Binti yangu ameshanijibu, "Baba, hii ilikanushwa zamani," mara nyingi kiasi kwamba sasa namtumia yeye kabla ya kikundi. WhatsApp yenyewe iliona tatizo. Mwaka 2019 ilizuia ujumbe mmoja kusambazwa kwa zaidi ya vikundi au watu watano kwa mkupuo, na 2020 ikabana ule uliosambazwa sana upelekwe mahali pamoja tu kila mara. Ilisaidia, lakini mtu aliyeamua kumwokoa ndugu yake na kisukari hachoki kubonyeza.

Wapo wanaohitimisha kwamba tungerudi tu kwenye simu zetu ndogo tungekuwa salama. Hawakumbuki vizuri. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uchochezi ulisafiri kwa SMS, kwenye simu zilezile za mulika mwizi, wakati Facebook ilikuwa kitu cha wachache mno hapa. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Na ni SMS hizohizo zilizotumiwa Januari 2008 na waliobuni jukwaa la Ushahidi kukusanya taarifa za mashambulizi na kuziweka kwenye ramani. Simu ndogo haikuwa na mikono misafi.

Ndiyo maana mazungumzo yanayoendelea katika kikundi chetu cha mtaa nayaona kuwa ya maana kuliko makongamano mengi. Uchaguzi unakuja Agosti 2027. Kikundi hiki ni cha maji, takataka, usalama na mtoto aliyepotea, na wakazi wake ni wa kila kabila. Admini amependekeza akifunge kampeni zikipamba moto, ili yeye peke yake aweze kuandika hadi matokeo yatakapotangazwa. Wengi wamemuunga mkono. Wengine wamemkumbusha kwamba Juni 2024 ni kikundi hikihiki kilichotuambia barabara ipi ina vitoa machozi na duka lipi limefunguliwa, na kwamba siku ya hatari ndiyo siku ya kukihitaji. Mimi nimependekeza kiachwe wazi kwa sharti moja: kusisambazwe kitu chochote kilichotoka kwingine. Anayetaka kusema aandike kwa maneno yake, chini ya jina lake, majirani wakimjua anakoishi. Admini amejibu kwamba kwa sheria hiyo nusu ya kikundi hawatakuwa na la kusema hadi Septemba.